Si Kisu Kinachoisambaza Saratani ya Titi

Katika mji wetu wa Mombasa kuna kauli ambayo nimeisikia Likoni na Kisauni, kwa waliosoma na kwa wasiosoma, kwa wazee na kwa vijana: kwamba uvimbe wa titi ukishaguswa na chuma, iwe sindano au kisu, ugonjwa huamka ukaenea mwili mzima. Wanaoisema wana ushahidi wao. Watakutajia mama wa mtaa wa pili aliyekuwa na kivimbe kisichomuuma, akaenda hospitali akatolewa kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa, na haukupita muda mrefu akaanza kulalamika mgongo, kisha pumzi, kisha akafariki. Mtu aliyeyaona hayo kwa macho yake hawezi kuambiwa tu kwamba amekosea halafu akaridhika. Anastahili kuelezwa ni nini hasa kilichompata yule mama, na kwa nini kilimpata kwa mpangilio ule.

Mimi ni mtaalamu wa maabara ya patholojia. Vinyama vinavyotolewa, mimi na wenzangu ndio tunaovipokea, kuvikata na kuvitia rangi kabla daktari wa patholojia hajavisoma chini ya hadubini. Nimeona niandike kwa kirefu kwa sababu kinachoisambaza saratani ya titi kinajulikana, kina jina, na mara nyingine huonekana kabisa kwenye kioo cha hadubini. Ni protini, tena protini ambazo kila mmoja wetu anazo mwilini hali akiwa mzima. Zinazohusika ni nyingi, lakini hapa nitaifuata moja zaidi ya nyingine, iitwayo CXCR4, kwa kuwa habari zake ndizo zinazojibu vizuri zaidi lile swali la kisu.

Swali la kwa nini saratani huhamia huku na si kule limeulizwa tangu zamani. Mwaka 1889 daktari mpasuaji wa London, Stephen Paget, alichapisha katika jarida la Lancet uchambuzi wa kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya titi. Kilichomshughulisha ni kwamba ini lilikuwa limeshambuliwa mara nyingi mno kuliko wengu, ilhali viungo vyote viwili hupitiwa na damu kwa wingi. Kama seli za saratani zingekuwa zinachukuliwa na damu na kutupwa popote, mgawo usingepishana kiasi kile. Paget akahitimisha kwamba seli hizo ni mbegu, na mbegu hupeperushwa kila upande lakini huota pale tu udongo unapoikubali. Miaka 39 baadaye Mmarekani James Ewing alimpinga, akisema jambo lenyewe ni mpangilio wa mishipa tu: seli hunasa katika kiungo cha kwanza ambacho damu inakifikia. Kila mmoja wao alikuwa na sehemu ya haki, lakini kwa zaidi ya karne nzima hakuna aliyeweza kuonyesha ule udongo wa Paget una kitu gani ndani yake.

Mwaka 2001 ndipo jibu moja lililo wazi lilipopatikana. Kundi la watafiti ambalo Anja Müller na Albert Zlotnik walikuwa miongoni mwake lilichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kupima vipokezi vya aina fulani, yaani protini za kwenye utando wa seli zinazopokea ujumbe kutoka nje, kwenye seli za saratani ya titi ya binadamu, wakavilinganisha na vya seli za titi lisilo na saratani. CXCR4 ilikuwa nyingi mno kwenye seli za saratani. Kisha wakatafuta ni viungo gani vya mwili vinatengeneza protini mwenza wake, CXCL12, ile ambayo CXCR4 huitambua na kuishika. Walipoikuta kwa wingi ni kwenye tezi za limfu, mapafu, ini na uboho wa mifupa. Misuli, figo na ngozi zilikuwa nayo kidogo. Yeyote aliyewahi kumuuguza mgonjwa wa saratani ya titi iliyoenea ataitambua orodha hiyo mara moja, kwa kuwa ndiyo orodha ya mahali ugonjwa unapokwenda. Watafiti hao walipoifunga CXCR4 kwa kingamwili, protini inayokishika kitu kimoja maalumu, ndani ya panya waliopandikizwa saratani hiyo, seli zilizofika mapafuni na kwenye tezi za limfu zilipungua sana.

CXCR4 ni mnyororo wa asidi amino 352, uliojishona kwenye utando wa seli kwa kupita nje na ndani mara saba. Ncha yake ya nje huipokea CXCL12, na ncha ya ndani hupeleka ujumbe kwenye mwili wa seli. Ujumbe huo huifanya seli ijenge upya nyuzi zake za ndani, zile za protini iitwayo aktini, kwa namna ambayo upande unaoelekea kule CXCL12 ilikozidi hujisukuma mbele na upande wa nyuma hujivuta. Mgeni akiingia Mji wa Kale siku ya harusi, hata asipoijua nyumba, harufu ya udi itamwongoza. Kichochoro ambacho harufu imezidi ndicho atakachokifuata mpaka afike mlangoni. Seli yenye CXCR4 hufuata CXCL12 kwa njia hiyohiyo, hatua kwa hatua, kutoka palipo na kidogo hadi palipo na nyingi.

Mwili haukuiumba protini hii kwa ajili ya saratani. Mtoto anapokuwa bado kiinitete, seli zake zinazaliwa mahali pamoja na kutakiwa kuhamia pengine: zile zitakazokuwa damu lazima zitoke kwenye ini na kukaa katika uboho, na zile zitakazojenga ubongo lazima zijipange mahali pake. CXCR4 na CXCL12 ndizo zinazozielekeza. Mwaka 1998 ilionekana kwamba panya waliozaliwa bila jeni ya CXCR4 hawakuweza kuishi, kwani moyo, ubongo na damu yao havikuwa vimejijenga sawasawa. Kwa mtu mzima protini hii inaendelea kuziongoza seli nyeupe za damu na kuzishikilia seli mama za damu ndani ya uboho. Ndiyo hiyo pia ambayo, mwaka 1996, iligunduliwa kuwa mojawapo ya milango ambayo virusi vya Ukimwi huitumia kuingia kwenye seli za kinga. Nalitaja hili kwa sababu wengi wetu tumeshazoea kusikia kwamba virusi hivyo huingia kwa kushika kitu kwenye utando wa seli; kwa aina fulani za virusi hivyo, kitu chenyewe ni hiki tunachokizungumzia.

Sasa, seli ya kawaida ya kwenye mifereji ya maziwa haina safari ya kwenda, na CXCR4 huwa nayo kidogo sana. Vipi basi seli ya saratani huipata? Njia mojawapo huanza na uhaba wa hewa. Saratani kali hukua haraka kuliko mishipa ya damu inavyoweza kuifuata, na seli zilizo katikati ya uvimbe hubaki mbali na damu, zikikosa oksijeni. Mwili una protini inayoutambua uhaba huo, iitwayo HIF-1, na waliofumbua jinsi seli zinavyoihisi oksijeni, yaani Gregg Semenza, Peter Ratcliffe na William Kaelin, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019. Oksijeni ikiwepo, HIF-1 huvunjwavunjwa kila inapotengenezwa. Oksijeni ikikosekana, hubaki, ikaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni nyingi kwa pamoja. Miongoni mwa jeni hizo ni ile inayoita mishipa mipya ya damu, na ile ya CXCR4. Kwa hivyo uvimbe unaokua kwa kasi hujitengenezea wenyewe, kwa kasi yake hiyo, seli zilizo na uwezo wa kuondoka na mishipa ya kuondokea.

Kabla ya kuondoka, seli inahitaji pia kung'oka. Seli za titi zimeshikamana ubavu kwa ubavu kwa protini iitwayo E-kadherini, na zipo protini nyingine zinazoweza kuizima. Mojawapo ni Twist, ambayo ilijulikana kwanza katika nzi wadogo wa matunda kwa kazi yake ya kuhamisha seli za kiinitete. Mwaka 2004 maabara ya Robert Weinberg kule Marekani ilionyesha kwamba seli kali za saratani ya titi zikinyang'anywa Twist, uvimbe huendelea kukua titini mwa panya, lakini zinazofika mapafuni hupungua sana. Matokeo hayo yananigusa kila ninapoyakumbuka, kwa sababu yanaonyesha kwamba kukua na kusafiri ni mambo mawili tofauti, na kinachoua ni la pili. Uvimbe uliobaki titini haumzuii mtu kupumua.

Hapa ndipo jibu la kisu lilipo. Ili seli moja iliyotoka titini iweze kuanzisha saratani mahali pengine, lazima ing'oke, ipenye kuta za mshipa, ihimili msukumo wa damu na macho ya kinga ya mwili, itambue mahali pa kutokea, itoke, kisha iweze kuishi ugenini. Nyingi sana hushindwa. Mwaka 1970 Isaiah Fidler aliwadunga panya seli za saratani ya ngozi zilizotiwa alama ya mnururisho, na baada ya siku moja zilizobaki hai zilikuwa chini ya 1 katika kila 1,000. Seli iliyosukumwa na sindano bila kuwa na protini za safari haina pa kwenda. Nayo iliyo nazo haikuwa ikiingoja sindano. Ni kweli kwamba seli zimewahi kuonekana zikiachwa kwenye njia iliyopitiwa na sindano, na sitaki kulificha hilo, lakini saratani inayoota kutokana na seli hizo ni nadra sana, na mahali hapo kwa kawaida huondolewa au kupigwa mionzi wakati wa matibabu. Haielezi maumivu ya mgongo ya yule mama wa mtaa wa pili.

Kinachoyaeleza ni muda. Kivimbe cha sentimita moja, ambacho mtu anaweza kukigusa akiwa anaoga, kina mamia ya mamilioni ya seli, na mara nyingi kimechukua miaka kufikia hapo. Katika muda wote huo, kimya kimya, baadhi ya seli zimeshajaribu safari. Zile chache zilizofaulu zilikuwa tayari zimejibanza katika mfupa wa uti wa mgongo siku mama huyo alipoingia chumba cha daktari. Zilihitaji miezi mingine tu kuwa kubwa kiasi cha kuuma. Kinyama kilitolewa katikati ya miezi hiyo, na macho yetu yakakiunganisha na kilichokuja baada yake. Hapa Kenya sehemu kubwa ya wanawake hugunduliwa ugonjwa ukiwa umefika hatua ya tatu au ya nne, kwa hivyo mpangilio huo wa matukio unajirudia mbele yetu mara kwa mara, na kila unapojirudia ile kauli ya chuma huongezewa shahidi. Makadirio ya shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2020 yaliwaweka wagonjwa wapya wa saratani ya titi nchini kuwa 6,799 na waliofariki kuwa 3,107. Mashahidi ni wengi, na wote wanasikitisha.

Nakumbuka mama mmoja mtu mzima aliyefika maabara yetu na mwanawe wa kiume, ameshika bahasha ya daktari mkononi, ili achomwe sindano ya kuvuta seli. Uvimbe alikuwa nao tangu kabla ya Ramadhani, na sasa na kwapani palikuwa na mtoki. Alikaa kwenye kiti, akalivuta buibui lake vizuri, akaniuliza kwa sauti ya chini ili mwanawe asisikie: “Mwanangu, yasemwa chuma kikigusa, ugonjwa waamka. Nambie kweli, nisende nikajichimbia kaburi langu.”

“Mama, ugonjwa huu haukulala hata ukaamshwa,” nikamwambia. “Huo mtoki wa kwapani ni nani aliyeugusa na chuma?”

Alinyamaza kidogo, akajipapasa kwapani, akasema, “Hakuna.” Kisha akasema, “Basi nichomeni.”

Sikuwa nimeipanga hoja hiyo, lakini tangu siku ile nimeitumia kwa wengine, kwa sababu ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli wa kisayansi. Tezi za kwapani zina CXCL12 kwa wingi, na seli za saratani huzifikia bila msaada wa mtu. Uvimbe wa mama huyo ulikuja kutolewa kinyama kikubwa zaidi kwa sindano nene, na majibu yake yalikuwa HER2 3+.

HER2 ni protini ya pili ambayo lazima niizungumzie, kwa kuwa ndiyo tunayoipima kila siku ilhali CXCR4 hatuipimi kwa matibabu. Jeni yake imo katika kromosomu ya 17, na kila seli inazo nakala mbili. Katika baadhi ya saratani za titi jeni hiyo hujirudufu mara nyingi, na utando wa seli, ambao kwa kawaida ungekuwa na makumi ya maelfu ya vipokezi vya HER2, hujaa hadi kufikia milioni mbili. Mwaka 1987 Dennis Slamon na wenzake wa California walichunguza vivimbe 189 vya saratani ya titi, wakaona kwamba wanawake ambao jeni hiyo ilikuwa imejirudufu ugonjwa uliwarudia mapema zaidi na waliishi muda mfupi zaidi. Leo hukadiriwa kuwa saratani ya titi yenye HER2 nyingi ni kati ya asilimia 15 na 20. Utafiti mwingine, wa mwaka 2004, uliunganisha habari hii na ile ya kwanza: HER2 ikizidi, huifanya seli itengeneze CXCR4 zaidi na kuichelewesha isivunjwe. Seli inaamrishwa kugawanyika na wakati huohuo inapewa uwezo wa kuifuata CXCL12.

Ningependa msomaji aione HER2 kama tunavyoiona sisi. Kinyama kilichokwisha kukaushwa maji na kuzamishwa kwenye nta ya parafini hukatwa kwa mashine vipande vyembamba vya mikromita 3 au 4, ambavyo huelea juu ya maji ya uvuguvugu vikiwa vimekunjamana kidogo hadi vinyooke, ndipo tunavinasa kwenye kioo. Kioo hicho humwagiwa kingamwili kinachoitambua HER2 peke yake, kisha kemikali ambayo hugeuka rangi ya kahawia mahali kingamwili kiliposhika. Kiini cha seli huwa cha buluu. Kwenye titi zima hauoni kahawia yoyote ya maana. Kwenye 3+, kila seli imezungukwa na ukingo wa kahawia nzito, mzima, usiokatika, seli baada ya seli, hadi mwisho wa kioo. Ukiwa na uzoefu unaijua kabla hujakaza lenzi. Ili ihesabiwe 3+, ukingo huo mzito na kamili lazima uwe kwenye zaidi ya asilimia 10 ya seli za saratani. Ukiwa hafifu huwa 2+, nayo haiamuliwi kwa rangi hii pekee: jeni yenyewe huhesabiwa kwa kipimo kingine. 1+ na 0 huandikwa hasi.

Zipo saratani ambazo vioo vyote vitatu, cha kipokezi cha homoni ya estrojeni, cha kipokezi cha homoni ya projesteroni na cha HER2, hurudi bila kahawia. Hizi ndizo zinazoitwa hasi tatu, na ni kali. Huwapata zaidi wanawake wa umri mdogo, na miongoni mwa wanawake weusi wa Marekani huonekana kwa takriban mara mbili ya ilivyo kwa weupe. Hukua upesi, hukosa hewa upesi, na ikiwa itarudi baada ya matibabu, mara nyingi hurudi ndani ya miaka michache ya mwanzo, mapafuni au kwenye ubongo kuliko mifupani. Kwa miaka mingi tibakemikali ilikuwa silaha pekee. Sasa ipo pia dawa ya kuiamsha kinga ya mwili, pembrolizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa saratani hizi zikiwa bado hazijaenea, ingawa bei yake kwa familia ya kawaida ya hapa Pwani ni jambo la kuhuzunisha.

Iliwahi kudaiwa kwamba saratani ya titi ya Mwafrika karibu yote ni ya aina hiyo isiyo na vipokezi. Mimi dai hilo sikulikubali kamwe kwa ukamilifu wake, na sababu yangu ni ya kikazi. Utafiti wa wagonjwa wa Kenya uliochapishwa mwaka 2014, ambao vinyama vyake vilitunzwa kwa uangalifu, ulikuta hasi tatu kuwa takriban mgonjwa mmoja kati ya watano, na zaidi ya theluthi mbili walikuwa na vipokezi vya estrojeni. Mmoja kati ya watano ni wengi, na ni zaidi ya Ulaya, lakini ni mbali sana na kusema karibu wote. Tofauti hiyo kwa sehemu fulani imetokana na chupa.

Niieleze chupa. Kinyama kikishatoka mwilini, protini zake huanza kuharibika. Kinatakiwa kiwe kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi, ya asilimia 10, iliyosawazishwa asidi yake, ndani ya saa moja, na kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikichelewa kuingia, vipokezi huoza. Kikikaa kupita kiasi, formalini huzifunga protini hata kingamwili kisiweze kuzishika. Kwa vyovyote vile kioo hurudi kikiwa cheupe, na mwanamke mwenye kipokezi ambacho kingempatia dawa anaandikiwa kwamba hanacho. Nimewahi kupokea kinyama kilichotumwa na zahanati moja kikiwa kimetiwa kwenye maji ya chumvi ndani ya kichupa cha dawa, kimepita kivuko cha Likoni mkononi mwa ndugu wa mgonjwa, kikakaa nyumbani usiku kucha kwa kuwa siku ile hakukuwa na pesa za kulipia kipimo. Ndugu yule hakuwa na kosa lolote. Alikibeba kwa uangalifu wa mtu aliyebeba amana. Lakini kilichokuwa ndani hakikuweza kupimwa, na mgonjwa ikabidi aitwe tena, atoboke tena. Hili ndilo lililo mikononi mwetu sisi wafanyakazi wa afya, na linanikera kuliko ile kauli ya chuma, kwa sababu mama mwenye hofu ana sababu ya hofu yake, ilhali chupa ya formalini ni ya bei ndogo.

Kujua protini kuna faida gani kwa mgonjwa? Kwa HER2 faida ni kubwa. Trastuzumabu, kingamwili kinachoifunga HER2, kiliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na majaribio yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba wanawake waliopewa pamoja na tibakemikali baada ya upasuaji, kurudi kwa ugonjwa kwao kulipungua kwa karibu nusu. Saratani iliyokuwa ikiogopwa zaidi ikawa miongoni mwa zile zenye tiba nzuri. Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015. Hapa nyumbani, mwaka 2025, Wizara ya Afya, SHA (mamlaka ya bima ya afya ya serikali) na kampuni ya dawa ya Roche walitangaza makubaliano ya kuishusha bei ya dozi moja ya Herceptin, jina la kibiashara la trastuzumabu, hadi shilingi 40,000 na kuilipia kupitia SHA. Hakuna anayeandikiwa dawa hiyo bila karatasi ya maabara inayosema HER2 imezidi.

Kwa CXCR4 mambo bado. Dawa ya kuifunga ipo, pleriksafo, ambayo ilianza kutafitiwa kwa ajili ya virusi vya Ukimwi na mwaka 2008 ikaidhinishwa kwa kazi nyingine kabisa, kuzitoa seli mama za damu kutoka kwenye uboho ili zivunwe. Haijawa tiba ya saratani ya titi. Naielewa tahadhari iliyopo: protini inayozishikilia seli za damu mahali pake huwezi kuifunga kwa miezi na miaka bila kuuliza seli hizo zitakwenda wapi. Isitoshe, wakati mgonjwa anagunduliwa, huenda seli zilizosafiri zimeshafika, na kumfungia mlango aliyekwisha kuingia ndani hakumtoi. Kwa sasa kinachozishika seli hizo kabla hazijafika mbali ni kupimwa mapema, upasuaji, mionzi, na dawa zinazopita mwilini mzima. Ndiyo maana daktari wakati mwingine huanza na tibakemikali kabla ya kupasua, jambo ambalo familia nyingi hudhani ni kucheleweshwa: anazifuata kwanza zile zilizokwisha kuondoka, na huku akitazama uvimbe wenyewe unavyoitikia dawa.

Mgonjwa akipewa majibu, asitosheke na karatasi iliyoandikwa saratani peke yake. Aulize estrojeni, projesteroni na HER2 zimesomaje, na kama HER2 ni 2+, aulize kipimo cha jeni kitafanywa lini na wapi. Ajue pia kwamba kinyama chake hakitupwi. Ile bloku ya nta huhifadhiwa maabara kwa miaka, na inaweza kukatwa na kupimwa upya. Hili limekuwa na uzito mkubwa zaidi tangu mwaka 2022, ilipoidhinishwa Marekani dawa ya trastuzumabu deruksitekani kwa baadhi ya wagonjwa ambao saratani yao imeenea na HER2 yao ni 1+ tu, au ni 2+ ambayo jeni yake haikujirudufu, yaani watu ambao karatasi zao za zamani ziliandikwa hasi bila maelezo zaidi. Anayehamia hospitali nyingine, ya Nairobi au ya India kama wengi wa hapa wanavyofanya, aombe kwa maandishi bloku na vioo vyake pamoja na majibu, na ainakili namba ya maabara iliyoandikwa ubavuni mwa bloku hiyo, kwa kuwa ndiyo itakayotumika kuitafuta.